Gari au Ndege? Mizani ya Msafiri

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetutandazia ardhi akaitilia njia, akaitiisha bahari ikabeba vyombo, na akawafunza wanaadamu kuunda mambo ambayo wazee wao hawakuyajua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya sala alinijia kijana mmoja. Nasema kijana kwa kuwa nilimsomesha juzuu ya Amma alipokuwa na umri wa miaka saba. Lakini leo ndevu zake zimeingia mvi, ana duka lake hapa Mombasa, ana mke na watoto wanne, na mamake mzazi akaa naye nyumbani. Alinibusu mkono, akakaa, akanena: "Maalim, nina jambo limenikalia. Shule zafungwa mwezi ujao, na tumenuia kwenda Lamu siku kumi. Mamangu ana dada yake huko, wote wawili ni watu wazima sana, na yapata miaka mitano hawajaonana. Mimi nataka twende kwa gari langu. Mke wangu ataka twende kwa ndege. Kila usiku twazozana, mpaka na watoto wamegawanyika makundi mawili. Na mimi namwambia, ndege kwa watu saba ni israfu, na israfu ni haramu. Jee, Maalim, si kweli?"

Nikamjibu kwamba Mwenyezi Mungu amewakataza waja wake ubadhirifu, na katika Suratul Furqan amewasifu wale ambao watoapo hawapiti kiasi wala hawafanyi uchoyo. Akashukuru, akaondoka na furaha, amepata hoja ya kumnyamazishia mkewe.

Lakini nilipofika nyumbani nikaona sikumtendea haki. Aliniuliza swali la nusu, nami nikampa jawabu la nusu. Sikumuuliza atatoka saa ngapi. Sikumuuliza mkewe ataka ndege kwa sababu gani. Sikumuuliza mamake asemaje. Nikatuma mtu akamwite tena. Na yale tuliyozungumza usiku ule, kwa idhini yake, ndiyo ninayokuletea wewe, ndugu msomaji. Kwani huenda na nyumbani kwako likizo yakaribia, na mzozo kama huu wanukia.

Huenda ukasema: "Jambo la gari na ndege lahusu nini na dini? Hilo ni la mfuko tu." Mimi nasema kwamba safari ni mahali pa kudhihirika tabia ya mtu. Tumepokea kwa Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) ameieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akatuhimiza tukimaliza haja zetu turudi upesi kwa watu wetu. Wazee wetu wa pwani hii walilijua hilo vyema. Mtu wa Mombasa akitaka kwenda Lamu kwa dau, alingoja kusi imsukume. Ikivuma kaskazi, alijua kwamba atakwenda akipigana na upepo, basi alikaa akatazama mbingu, akawauliza manahodha, na pengine akaiacha safari mpaka msimu mwingine. Hakuna aliyemwambia kwamba kungoja kwake ni upungufu wa imani. Sisi tumepata lami na injini, tukadhani kwamba haja ya kupima imetuondokea.

Basi natupime. Na jambo la kwanza la kuwekwa katika mizani ni nafsi, maana mali ikipotea hutafutwa, na roho haina duka.

Kijana wangu alinambia mpango wake. Atafunga duka saa tatu za usiku, apakie watu na mizigo, atoke Mombasa saa nne, aendeshe usiku kucha peke yake, ili alfajiri awe ameshaipita Malindi na kufika Garsen. Nikamuuliza: "Na siku hiyo utakuwa umeamka saa ngapi?" Akasema, kama kawaida, kwa sala ya Alfajiri. Nikamuuliza: "Jee, huchelei?" Akajibu kwa haraka: "Nimetawakali, Maalim. Ajali ni kadari."

Neno hili "nimetawakali" twalitumia vibaya mno, ndugu msomaji. Imam Tirmidhi amepokea kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na atawakali, naye akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ndiyo atawakali. Kufunga huja mwanzo. Mtu aliyeamka alfajiri, akauza duka kutwa, kisha akashika usukani saa nne za usiku na watu sita nyuma yake, huyo ngamia wake hajamfunga; amemfungulia, na amempiga na kiboko.

Tena yuko Sayyidna Umar (R.A.). Katika zama za tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapokewa na maamiri wa majeshi, akiwamo Abu Ubaida bin Jarrah (R.A.), wakampa khabari kwamba maradhi yameingia Sham. Umar hakukata shauri peke yake, na yeye ndiye khalifa. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo akawashauri, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa kufunguliwa Makka, hao wakawa na kauli moja: rudi na watu wako. Umar akatangaza kwamba kesho asubuhi atarejea. Abu Ubaida akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Naye Umar akamjibu kwamba ndiyo, waikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu. Akilisha penye majani ni kwa kadari, na akilisha penye ukavu pia ni kwa kadari. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafikiana na shauri lile, na Umar akamhimidi Mola wake.

Zingatia hapo. Gari ni kadari na ndege ni kadari. Kwenda usiku ni kadari, na kulala Malindi ukaondoka asubuhi pia ni kadari. Kadari haikuondolei kuchagua. Nawe utaulizwa juu ya kile ulichokichagua na hali ya kuwa wakijua.

Na tunachokijua ni nini? Katika mwaka 2024 pekee, kwa hesabu za serikali ya Kenya, watu 4,748 walikufa kwa ajali za barabarani. Wagawe kwa siku za mwaka, utapata kiasi cha watu 13 kila siku, na matatu hupakia abiria 14. Maana yake ni kama kwamba kila siku inayokucha, matatu moja karibu nzima yatoka na watu wake isirudi. Kwa kuwa hufa mmoja huku na wawili kule, hatushtuki. Lakini ndege ndogo ilipoanguka Kwale mwezi wa Oktoba 2025, ilipokuwa yatoka Diani, wakafa watu 11, pwani nzima ilizungumza kwa majuma mengi, na wako walioapa hawapandi ndege maisha.

Hii ndiyo tabia ya khofu. Huogopa kinachokuja kwa kishindo, na hukizoea kinachokuja kidogo kidogo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, watu wengi wa nchi ile waliziogopa ndege wakaingia katika magari yao kwa safari ndefu. Mtaalamu wa Kijerumani, Gerd Gigerenzer, alizichungua hesabu za barabara za mwaka uliofuata, akakadiria kwamba watu kiasi cha 1,500 walikufa barabarani zaidi ya kawaida, kwa sababu ya kuikimbia ndege. Waliikimbia khatari ndogo wakaingia katika kubwa, na njia nzima walijiona wamo katika amani.

Wala sisemi kwamba ndege haina khatari, au kwamba ndege zote ni sawa. Madege makubwa ya mashirika yenye safari za kila siku yana usalama ambao gari halifikii hata kidogo. Vindege vidogo hali yake si hiyo, japokuwa navyo vina marubani waliosomea na sheria za kuruka. Wala sisemi kwamba barabara ni kifo. Njia ya Lamu ina khabari yake tuijuayo sote. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyochukua roho za watu zaidi ya 60, mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi, na hata mwezi wa Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro. Na Novemba 2023 mafuriko ya Mto Tana yaliifunika barabara baina ya Garsen na Witu, abiria wakakwama. Lakini kwa upande mwingine, njia ile iliyokuwa mavumbi na matope leo ina lami, na siku nyingi za mwaka watu huenda na kurudi salama. Ninachosema ni kwamba upime kwa ulijualo. Uliza hali ya njia wiki hiyo, wala usihukumu kwa khabari ya mwaka juzi. Jua kwamba khatari kubwa katika gari aghlabu si jambazi wala mto, bali ni usingizi wa dereva, mwendo wa dereva, na haraka ya kulipita lori mbele ya kona.

Na hapa pana siri ya nafsi. Mtu akishika usukani hudhani kwamba ameishika roho yake kwa mkono wake. Akiwa ndani ya ndege, amekaa tu, hana la kufanya, basi moyo humpapa. Lakini ni lini roho ilikuwa mkononi mwake? Khofu ile ya ndegeni, kwa hakika, ndiyo yenye kumkumbusha ukweli. Na utulivu ule wa usukanini ndio wenye kumdanganya.

Nilipofika hapo, kijana wangu akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Maalim, nikwambie kweli? Mimi sijapanda ndege hata siku moja. Naiogopa. Nimeona haya kumwambia mke wangu mbele ya watoto."

Subhanallah! Ndugu msomaji, tazama ilivyo. Mtu huyu hakuwa akiogopa israfu. Alikuwa akiiogopa ndege. Lakini khofu ni jambo la kuonea haya, na israfu ni hoja ya kidini, basi akaivisha khofu yake kanzu na kilemba akaileta msikitini, nami nikaipokea nikaikaribisha! Sikwambii haya nimcheke. Kuogopa si dhambi. Lakini kuisemesha dini maneno yetu wenyewe ni jambo kubwa, na sisi tulio wasomi huliangukia kuliko wengine, maana tuna aya na hadithi nyingi za kujifichia.

Nami nina langu la kukiri. Mwaka 1998 nilialikwa Lamu kusomesha darsa katika siku za Maulidi. Nilikuwa na shangazi yangu Malindi, mjane, ambaye alinilea miaka mitatu nilipokuwa mdogo. Aliposikia naenda Lamu alinitumia salamu: nikipita kwa basi, nishuke, japo kwa sala ya Adhuhuri, anipikie. Wenyeji wangu wakaniletea tiketi ya ndege. Nikajiambia kwamba ndege itaniokolea siku mbili, na siku mbili ni darsa nne, na ilimu ni bora kuliko pilau. Hoja nzuri, sivyo? Lakini kweli ya mambo ni kwamba nilipenda kusikia watu wakisema, "Sheikh ameletwa kwa ndege." Nikapita juu ya mapaa ya Malindi, nikaitazama pwani kwa dirishani, nikasema nitampitia safari nyingine. Haikupita miezi minne, akafariki. Waliniambia kwamba siku ile alipika, kwani salamu zangu za kutaka radhi hazikumfika. Watu walioziacha darsa zangu wamezisahau, nami mwenyewe nimezisahau. Chakula kile sijakisahau mpaka leo.

Basi jambo la pili la kuwekwa katika mizani ni udugu. Kuunga jamaa ni amri, na upesi wa kufika si amri. Gari lina fadhila ambayo ndege haina: hukupitisha milangoni mwa watu. Baina ya Mombasa na Lamu kuna Mtwapa, Kilifi, Watamu, Malindi, Mambrui, na aghlabu ya nyumba zetu hazikosi jamaa katika mojawapo, au kaburi la kuombewa dua. Lakini fadhila hiyo haiji yenyewe. Mtu anayekwenda kwa gari asisimame popote ila penye petroli, huyo amepata taabu ya njia bila ya thawabu yake. Afadhali angeruka.

La tatu ni mali. Nilimuuliza kijana wangu, lau mkewe angelishinda, tiketi saba zingelilipwa na nini? Akasema angelikopa kwa rafiki. Hapo nilimwambia wazi kwamba sikubaliani naye. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijilinda sana kwa Mola wake na deni, na alipoulizwa sababu akaeleza kwamba mtu akiwa na deni husema akaongopa, na huahidi akavunja. Deni la dharura lina udhuru wake. Deni la matembezi ya siku kumi, litakalolipwa kwa miezi kumi, si raha. Ni kuinunua furaha ya Disemba kwa huzuni ya mwaka mzima. Pindi wadogo zako wa dukani wakikosa mshahara wao kwa sababu yako, utakuwa umesafiri kwa jasho la wengine.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Wako watu ambao Mwenyezi Mungu amewakunjulia, wana uwezo wa tiketi pasina deni, na wakaichagua njia ya taabu kwa wazee wao kwa ajili ya uchoyo tu, kisha wakauita uchoyo huo ni zuhdi. Zuhdi ni kujinyima wewe. Kumnyima mamako si zuhdi. Na hesabu ya gari nayo ifanywe kwa ukweli. Watu huhesabu petroli tu, wakasahau tairi, breki, chakula cha njiani, maegesho ya gari Mokowe siku kumi, na mashua ya kuvukia.

La nne ni nia. Siku hizi picha hufika kabla ya abiria. Mtoto hajafunga mkanda wa kiti, tayari ameshawaonesha nusu ya mtaa bawa la ndege. Sikatazi watoto kufurahi, nao kuiona bahari kutoka juu ni katika kuzitazama aya za Mwenyezi Mungu. Lakini mzazi na ajiulize: lau hakuna hata jirani mmoja atakayejua tumekwenda kwa chombo gani, ningechagua hiki hiki? Likiwa jawabu ni ndiyo, bismillahi. Likiwa ni la, basi umeshajua nani anayeendesha.

Na la tano, nalo ndilo lililoikata khabari ya kijana wangu, ni kushauriana. Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwamba mambo yao huyapitisha kwa kushauriana baina yao, na mpaka kumwachisha mtoto ziwa amekutaja kuwa ni kwa kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Ikiwa kuachisha ziwa kwataka shauri, jee, safari ya nyumba nzima? Nikamwambia: "Rudi nyumbani. Usiseme neno la gari wala la ndege. Muulize kila mmoja anachokiogopa na anachokitaka, umsikilize mpaka amalize. Anza na mamako, tena umuulize faragha."

Alirudi kwangu siku ya tatu, macho yake yamebadilika. Mkewe alimwambia kwamba hataki ndege kwa fahari. Ila tangu kakake alipofia katika njia ya Malindi, na mpango huu wa kwenda usiku ulipotajwa, hapati usingizi. Alikuwa hajamwambia, kwa kuwa kila akianza huambiwa hizo ni khofu za wanawake. Mwenye khofu kubwa zaidi katika nyumba ile ndiye aliyekuwa akiwacheka wenye khofu!

Ama mamake, alilia. Akasema: "Mwanangu, mimi gari silikatai. Lakini magoti yangu hayakunjiki saa sita, na maradhi yangu ya sukari yanitoa haja kila mara. Mbele ya wajukuu naona haya kusema kila saa simamisha gari. Nilikwishaazimia nisinywe maji tangu jana yake, nivumilie. Na ndege nayo nilijua utakopa, sikutaka niwe mimi sababu ya deni lako. Nikasema, bora ninyamaze."

Ndugu msomaji, mama mwenye sukari alikuwa tayari kushinda na kiu kutwa nzima, katika joto la Disemba, asimwudhi mwanawe. Na mwanawe alikuwa akizozana kila usiku, chumba cha pili, juu ya raha ya mama. Hakuna aliyemuuliza. Sisi watu wa pwani twasifika kwa kuwaheshimu wazee, tuwabusu mikono, tuwatangulize mezani; lakini kuwaheshimu pasi na kuwauliza ni nusu ya heshima. Mzee hasemi. Kunyamaza kwake sisi twakuita ridhaa.

Kijana akaniuliza: "Sasa Maalim, gari au ndege?" Nikamwambia: "Nani aliyesema lazima nyote mpande chombo kimoja?" Akanitazama. Likampambazukia.

Walipiga hesabu wakaona wana akiba ya kutosha tiketi mbili bila ya kukopa. Mama akaenda kwa ndege pamoja na mjukuu wake mkubwa wa kike wa kumshika mkono. Safari ile haifiki saa moja angani. Waliobaki watano wakatoka kwa gari siku moja mbele, asubuhi baada ya Alfajiri, baba akiwa amelala usiku wake. Wakasimama Kilifi kwa jamaa wa mke, wakalala Malindi, na asubuhi yake wakaulizia hali ya njia kabla ya kushika safari ya Garsen na Witu. Mchana walifika Mokowe. Na yule baba ameniahidi kwamba mwakani, inshallah, atapanda ndege na mamake yeye mwenyewe, khofu yake mkononi.

Sikuleta kisa hiki ili kila nyumba ifanye vivyo hivyo. Nyumba yako huenda ikafaa yote kwenda kwa gari, au yote kwa basi, au yote kwa ndege, au kungoja mwaka mwingine mpaka riziki ikunjuke. Nimekileta ili uone kwamba swali lilikuwa na majibu zaidi ya mawili, na yaliyoyaficha ni haya, kiburi na ukimya.

Umeshashauriana na kupima, ukaelekea upande mmoja, basi sali rakaa mbili za istikhara na umwachie Mola wako. Istikhara huja pamoja na akili na ushauri, wala si badala yake. Na si lazima uote ndoto. Kisha azimia, usirudi nyuma kwa kila neno la kila mpita njia.

Na njiani uzikumbuke adabu. Ile dua ya kupanda kipando, inayotukumbusha kwamba sisi wenyewe hatukuwa na uwezo wa kukitiisha na kwamba kwa Mola wetu tutarejea, ni ya gari na ni ya ndege. Watu wakiwa watatu na wateue amiri wao, kama alivyoamrisha Mtume (S.A.W.), na amiri akisema tupumzike, tupumzike. Kila mtoto na afunge mkanda wake, kwani huko nako ni kumfunga ngamia. Ukisikia usingizi, egesha gari pembeni ulale. Kuchelewa ni bora kuliko kufikishwa. Na ujue kwamba rukhsa ya kufupisha na kukusanya sala hufuata masafa, wala haitazami taabu. Kutoka Mombasa hadi Lamu kwazidi marhala mbili kwa mbali sana, basi aliyeruka kwa dakika chache na aliyeendesha kutwa, wote wawili wana rukhsa njiani. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa huko siku nne kamili au zaidi, akishafika asali sala zake kamili.

Na nimalizie na Lamu yenyewe. Aliyekwenda kwa gari huliacha Mokowe akapanda mashua. Aliyekwenda kwa ndege hushuka Manda, naye akapanda mashua. Wote hufika gatini kwa maji, na katika vichochoro vile vyembamba vya mji wa kale haliingii gari wala haishuki ndege. Kila mtu hutembea kwa miguu yake, na kumpisha punda mwenye mzigo. Yule ajuza aliyekuwa akimngoja dada yake mlangoni miaka mitano hakuuliza amekuja na nini. Alimshika uso kwa mikono miwili, wakalia pamoja.

Na sote, ndugu msomaji, tuna safari moja ambayo hatutaulizwa tutapanda nini. Tutabebwa. Huko tutaulizwa tuliwabeba vipi waliokuwa mikononi mwetu.

Mola wetu atufanyie wepesi safari zetu, atuhifadhie wazee wetu na watoto wetu barabarani, baharini na angani, aturejeshe majumbani mwetu kwa salama, na atujaalie wenye kuungana na jamaa zetu kabla mauti hayajatutenga. Amin.

Wabillahi tawfiq.